Salamu Maria Moja kwa Apolonia

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu mmoja. Simjui, lakini najua alipo: amekaa kwenye benchi la kliniki ya kifua kikuu, kadi mkononi, ameambiwa ugonjwa haukukaa kifuani bali umeingia kwenye mfupa, na bado hajaelewa. Sogea nikae. Mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa, kwa sababu muda mwingi niliutumia kumwonea wivu mwanamke mmoja anayeitwa Apolonia. Nitakueleza yote mawili, ugonjwa na wivu. Kwangu vilikuja kwa gari moja, ila kila kimoja kiliondoka kwa wakati wake.

Nauza mitumba Moshi mjini, makoti ya baridi na viatu vya kupandia mlima. Wateja wangu wengi ni wapagazi, na mpagazi anayejiandaa kupanda ni mtu mgumu kuliko jiwe. Anatafuta kasoro kwenye soli mpaka anaipata. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, kwa hiyo mgongo ulipoanza kuuma nililaumu mabalo, yale marobota ya nguo ninayobeba. Nikabadilisha bega. Nikanunua dawa ya kuchua, nikapunguziwa bei, maumivu hayakupungua. Siku moja niliinama kuokota buti la kushoto nikashindwa kuinuka. Mteja alidhani ni mbinu yangu ya kukataa bei yake, akaongeza. Ndiyo siku pekee niliyopandishiwa bei nikalia.

Sitakuchosha na maneno ya daktari. Nilipigwa picha, nikachomwa sindano kubwa, nikasubiri majibu, nikaambiwa vidonge mwaka mzima na mkanda wa mgongo. Usifikirie mkanda wa suruali. Ni gamba gumu linaloanzia chini ya kidevu hadi nyongani, ukilivaa unakuwa kama kobe aliyesimamishwa wima. Huwezi kuinama, huwezi kugeuka. Na mimi hata wima nilikuwa siwezi, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi tangu magotini kushuka chini. Mume wangu, Baba Prisca, alinipandisha nyumbani Uru, huko mlimani, akanilaza. Ilikuwa Kwaresima, mvua za masika ndiyo kwanza zimeanza, na njia ya kwetu ilikuwa matope matupu.

Nilimwuliza daktari swali moja tu: nitapiga magoti tena? Akasema tuone. Mtu wa sokoni anajua maana ya "tuone". Ni neno la mtu ambaye hataki kutaja bei.

Huenda unashangaa kwa nini niliuliza magoti badala ya kutembea. Basi nikuambie mimi ni Mkatoliki wa namna gani. Kanisani kwetu nilikuwa nafika kabla ya kengele ya pili. Kiti changu kilikuwa benchi la nne, pembeni mwa nguzo, na nilikichagua kwa akili: ukigeuza shingo kidogo unaona mlango. Nilijua nani kaingia wakati wa Utukufu, nani kaingia kwenye Injili, na nani kaja kupokea baraka ya mwisho tu, kama mtu aliyepitia chenji yake. Kwenye Mageuzo, Padri anapoinua Hostia, kengele ikigonga nilikuwa wa kwanza kushuka magoti, kichwa chini, lakini jicho moja lilibaki kazini. Ijumaa za kwanza sikukosa. Njia ya Msalaba sikukosa. Ukiniuliza wakati ule, ningekuambia Mungu ananifahamu kwa jina.

Apolonia naye alifahamika, kwa kuchelewa. Ni msusi, ana kibanda chake pale njia panda, na hakuna Jumapili aliyowahi kufika kabla ya Injili. Mlango wa kanisa letu unalia, na ukilia wakati Padri anasoma Injili, kanisa zima linajua ni nani. Tena anaingia anatafuna bigijii.

Huyo ndiye niliyemkuta kwenye benchi la kliniki wiki niliyoanza dawa. Yeye ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye nyonga. Alikuwa na magongo mawili, mimi nimebebwa kwenye kiti. Watu waliosubiri kliniki nyingine walipoona kadi zetu walisogea, tukabaki na nusu ya benchi peke yetu, kama wakwe wageni. Apolonia akasema angalau leo tumepewa nafasi ya kunyoosha miguu. Halafu akaniangalia miguu yangu, akanipa bigijii.

Ndipo alipoleta lile wazo. Alisema alipokuwa msichana kuna mtawa mmoja aliwafundisha: ukiwa mgonjwa usijiombee mwenyewe, mwombee mgonjwa mwenzako, naye akuombee wewe. Kila siku kumi moja la Rozari, yaani Salamu Maria kumi.

"Na siku ukipitiwa?" nikamwuliza.

"Utapitiwa. Kesho yake unaendelea."

"Siwezi kuligawanya? Tano zako, tano zangu?"

Alicheka mpaka bigijii ikataka kudondoka. "Mama Prisca, hapa hatuuzi makoti."

Tukakubaliana, tukapeana mikono. Nataka ujue kwamba mkono wangu ulikuwa na nia njema, ila nia hiyo haikufika nyumbani.

Siku ya kwanza nilianza vizuri. Salamu Maria ya kwanza kwa Apolonia, ya pili kwa Apolonia. Ya tatu nikajiuliza: huyu anayeingia kwenye Injili, kwa nini nimpe maombi ya mtu aliyefika kabla ya kengele? Saba zilizobaki nikajipa mwenyewe. Siku ya pili nilijipa zote kumi. Baada ya hapo sikurudi nyuma. Nilihesabu hivi: Apolonia ananiombea mimi, na mimi najiombea mimi, kwa hiyo ninaombewa na wawili. Yeye haombewi na mtu. Nikahesabu mara ya pili, jibu lilikuwa lile lile, na nikalala vizuri.

Juu ya hapo nikaongeza sadaka. Nikaacha sukari kwenye chai, nikaacha nyama Jumatano na Ijumaa, hata Kwaresima ilipokwisha sikurudi. Kila nilichoacha nilimtajia Mungu, kitu kimoja kimoja, kama ninavyopanga viatu mezani mteja akisimama.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Vidonge vile vikubwa mama mkwe wangu alinisimamia kuvimeza kila asubuhi. Yeye anahesabu, mimi nahesabu tena, halafu nameza mbele ya macho yake, na anataka nifungue mdomo aone. Mkojo ulikuwa rangi ya machungwa. Usiogope, ni dawa. Tumbo lilikataa kila kitu isipokuwa mtori wa mama mkwe, ule wa ndizi zilizopondwa mpaka zikawa laini kama uji. Ngozi chini ya lile gamba iliwasha, na hakuna mkono unaofika, kwa hiyo nilikuwa nachomeka mwiko. Makalio yalikwisha. Watu walituambia kikombe changu kitengwe, na kilitengwa, ingawa kule kliniki walishasema ugonjwa wa mfupani haurukii mtu. Mama mkwe alikinywea chai mbele ya wageni siku moja, akakirudisha kabatini na vingine, akamaliza neno.

Baba Prisca alikuwa ananibeba kwenda chooni bila kunitazama. Hakunisema hata siku moja, na hilo ndilo lililonikera. Nilimchokoza ili agombe, tujue tuko wawili ndani ya nyumba. Mwezi wa tatu wa ugonjwa akagomba. Alisema amechoka, kwamba kila akinishusha ninahesabu hatua zake kwa sauti. Kweli nilikuwa nahesabu. Tulinyamaziana siku mbili, kisha akaanza kuzihesabu yeye. Ni jambo dogo, lakini kuanzia hapo alinitazama.

Kipupwe kilipofika, wingu likaukalia mlima wiki nzima nzima, nikaanza kupelekwa Misa. Baba Prisca na mdogo wake walinibeba kwenye kiti cha plastiki, wakaniweka mbele kabisa, pembeni ya benchi la kwanza. Sikuwa tena na nguzo yangu wala mlango wangu. Gamba lilinishika nikitazama altare tu, kama farasi aliyezibwa macho. Nilibaki na masikio. Na masikio yalinitosha kwa mateso. Wakati wa Injili mlango ulilia, nikasikia magongo mawili, ko-ko, ko-ko. Baada ya wiki kadhaa likawa gongo moja. Halafu Jumapili moja mlango ukalia na sikusikia gongo. Nilisikia kandambili tu.

Sijui kama umewahi kuona wivu ukiwa umefungwa ndani ya gamba. Hauna pa kwenda. Unapanda shingoni. Padri alikuwa anahubiri, mimi nilikuwa nasikiliza kandambili zikitafuta benchi. Yule aliyechelewa. Yule wa bigijii. Yule asiyeombewa na mtu! Nilihesabu upya, nikahesabu tena, hesabu ilikataa. Ulipofika wakati wa kupeana amani alikuja mpaka mbele kwa miguu yake, akanishika mikono yote miwili, analia kwa furaha, akaniambia sasa ni zamu yangu. Nikamwambia amani ya Kristo. Nilivyoisema, ungedhani namwambia mtu aondoke mezani kwangu.

Nyumbani nilipata wazo baya, na kwa kuwa lilikamilisha hesabu nililiamini. Apolonia alinidanganya. Alikuwa anajiombea mwenyewe.

Vuli ilipoanza alikuja kunisuka. Kichwa changu kilikuwa kimeachwa miezi, na alisema mgonjwa mwenye nywele zilizosukwa hupona nusu. Aliniweka uani karibu na migomba, akasimama nyuma yangu, kwa miguu yake, akisuka na kusimulia habari za mteja aliyetaka mtindo wa kwenye picha. Kila alipohama kutoka mguu mmoja hadi mwingine niliisikia changarawe ya uani chini ya kandambili zake. Alipofika nusu ya kichwa nilishindwa.

"Apolonia, sema ukweli. Lile kumi ulikuwa unajiombea mwenyewe."

Mikono ikasimama. Alisema mara nyingi alisahau kusali, hilo anakiri. Lakini kila alipokumbuka, aliniombea mimi.

"Basi nani kakusimamisha?"

"Sijui, Mama Prisca. Si ulikuwa unaniombea wewe?"

Nikamjibu neno ambalo nalijutia hadi leo. Nilimwambia Mungu hawezi kumsimamisha mtu anayemjia kwa kuchelewa kama mwizi, na kwamba hiyo miguu aliipata kwa kuniibia. Nilisikia anachomoa kitana kichwani mwangu. Nikasikia kandambili zikienda. Gamba halikuniruhusu kugeuka kumwona, na kama lingeniruhusu nisingegeuka.

Nikabaki na nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Mama mkwe alinijia na kitana akataka kufumua, nikakataa. Nilisema sababu ni uchovu. Sababu ya kweli ni kwamba kufumua ilikuwa kukubali kuwa hatarudi. Nikafunga kilemba, na chini ya kilemba nikawa na wivu upande mmoja na aibu upande wa pili.

Ijumaa ya kwanza iliyofuata Paroko alikuja na Ekaristi, kama anavyowazungukia wagonjwa. Mama mkwe alitandika kitambaa cheupe, akaweka msalaba na mshumaa, akatoka ili niungame. Niliungama kwa mpangilio. Sikuficha: ahadi niliyovunja siku ya kwanza, makumi yote niliyojipa, na neno nililomwambia Apolonia. Kisha nikangoja kitubio. Nilitegemea Rozari nyingi, na nilikuwa tayari kuzikubali zote bila kubishana, kuonyesha nia.

"Salamu Maria moja," akasema.

"Moja tu, Baba?"

"Moja. Kwa ajili ya Apolonia, afya yake na furaha yake. Ya kwake nzima, usibaki na kipande."

Nikaona nimepata kwa bei ya kutupa. Alipoondoka tu nikaanza. Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe, Apolonia awe na afya, anayo tayari, na mimi je? Nikaanza upya. Mara ya pili niliona kandambili. Mara ya tatu nilifika mwisho, lakini niligundua nimeisali kwa meno yaliyofungwa. Mimi niliyezoea kusali kumi kwa siku kwa ajili yangu, moja ya mwenzangu ilinishinda siku hiyo, wiki hiyo na iliyofuata. Ndipo nilipojua ninaumwa nini. Mgongo ulikuwa na vidonge vyake.

Ile Salamu Maria moja ilitoka Jumapili moja ya mvua. Nilikuwa pale mbele kwenye kiti changu cha plastiki. Padri huanza kuwakomunisha wagonjwa, kwa hiyo nilikwisha kupokea, na watu walikuwa wanapita mbele yangu. Kwa lile gamba sikuweza kuona nyuso bila shida, niliona mikono. Mikono yenye utomvu wa migomba, mikono ya walimu yenye chaki, mkono wa mzee mmoja unaotetemeka. Kisha nikaona vidole vyenye mafuta ya nywele kwenye kucha. Nikamtazama Padri vizuri, maana mimi jicho langu ni la kupima. Hakumwongezea, hakumpunguzia. Aliyefika kabla ya kengele na aliyefika kwenye Injili tulipewa ile ile, nzima. Na kabla ya kupokea, Apolonia aliinama. Aliinama sana, taratibu, mkono mmoja ukaikamata ile nyonga na kuibana, na nikasikia pumzi inavyomkatika. Ilikuwa bado inamuuma. Angeweza kuinamisha kichwa tu, nani angemlaumu. Aliinama yote, akainuka, akapokea, akapita.

Miaka yote ile ya kufika mapema sikuwahi kuinama hivyo hata mara moja. Nilikuwa na kazi mlangoni.

Nikasali Salamu Maria. Ilikwenda yote, kuanzia mwanzo hadi Amina, na haikuwa na kipande changu. Usitegemee nikuambie miguu ilipata moto. Haikupata. Ila shingo ililegea, na nikamtazama Yeye aliye mbele yangu bila kutaka kujua nani yuko nyuma.

Nilipomweleza mama mkwe, alisema kusali ni vizuri, lakini mtu uliyemwumiza hawezi kukusikia ukisali kimoyomoyo. Akaenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, akakata jani la isale, akalifunga fundo. Kwetu Wachagga jani hilo likiletwa kuomba msamaha halikataliwi. Nilitaka kulipeleka mwenyewe, nikakumbuka miguu. Akalipeleka yeye, na umri wake ule, katika matope yale.

Apolonia alikuja kesho yake, ameshika isale kwa mkono mmoja na kitana kwa mwingine. Alivua kilemba changu, akapapasa upande usiosukwa.

"Kichwa kama shamba lililolimwa nusu," akasema. "Umetembea hivi na watu?"

"Sijatembea. Nimebebwa."

Akaanza kusuka. Nikamwambia kwamba sikumwombea, kwamba zilikuwa Salamu Maria mbili tu, siku ya kwanza, na nyingine moja juzi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Pale kwenye benchi uliniuliza kama linagawanyika." Akavuta msuko kwa nguvu kidogo, nadhani makusudi. "Basi ndizo hizo tatu zilizonisimamisha. Ungesali zote kumi ningeruka."

Tulicheka mpaka gamba likanibana mbavu. Tukaanza upya, kumi lake, kumi langu. Sikuligawanya tena. Kuna siku linatoka laini, kuna siku nalivuta kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Lakini linatoka.

Noeli nilisimama kwa kushika meza, Baba Prisca akihesabu kwa sauti; alifika ishirini na mbili kabla sijakaa. Kiangazi nilitembea uani kwa fimbo. Kwaresima ilipokaribia tena, vidonge vikaisha, wakanivua gamba. Na wewe uliye kwenye benchi, usiviache ukipata nafuu, vimalize. Mwenzako akisimama kabla yako, itakuuma. Mimi iliniuma, na hata leo nikimwona anavyopanda ule mlima wa kwetu bila fimbo, kitu kinanichoma. Nikisikia hivyo namsalia pale pale, kabla hakijapata kiti.

Jumapili ya kwanza bila gamba nilirudi benchi la nne, pembeni mwa nguzo yangu, kabla ya kengele ya pili. Shingo ilikuwa huru. Injili ikaanza, mlango ukalia, kandambili zikaingia. Sikugeuka. Nilisogea, nikaacha nafasi ya mtu mmoja, na harufu ya mafuta ya nywele ikaja ikakaa.

Kwenye Mageuzo kengele ilipogonga nilishika benchi la mbele nikaanza kushuka. Goti la kwanza lilichukua muda. La pili lilikataa, likabembelezwa, likakubali. Kengele ilikwisha kunyamaza na kanisa zima lilikuwa chini, mimi bado niko njiani, wa mwisho kuliko watu wote. Nilipofika nilimkuta Apolonia ameshatangulia, bega lake ameliacha wazi niegemee.